Flaya iling'aa kwenye simu, mbona kwenye karatasi imepooza na namba imekatwa?

SWALI: Habari kaka. Mimi nauza keki hapa Morogoro. Nilidizaini tangazo kwa simu kwenye app ya Canva, nikaposti Instagram watu wakalipenda sana, nikaona ngoja nilipeleke wakaniprintie flaya za A5 elfu moja. Zimetoka zimepooza, pinki na kijani ni kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima, namba ya simu imekatwa mwanzoni, logo ina ukungu na yale maandishi meupe kwenye sehemu nyeusi yamezibika. Jamaa wa kuprinti anasema faili langu bovu, mimi naona mashine yake ndo mbovu. Nani mkweli? Na nikitaka bango la kufunga barabarani itabidi ninunue kompyuta?

JIBU: Pole sana dada, elfu moja sio mchezo. Kwa maelezo yako makosa mengi yapo kwenye faili, ila jamaa naye hachomoki, maana mchapaji makini akifungua faili la namna hiyo anakupigia simu kabla hajawasha mashine, sio anamaliza kazi nzima, anachukua hela, halafu ndo anaanza kuongelea faili.

Namba iliyokatwa ni hesabu tu. Posti ya Instagram iliyosimama kwa kawaida ni pikseli (vidoti vidogo vinavyounda picha) 1080 kwa 1350, na nadhani ndo uliyotumia. Sasa karatasi za A zote, iwe A3, A4 au A5, zina umbo moja, urefu ni upana mara 1.41 hivi. A5 ni milimita 148 kwa 210. Posti yako ni nene kuliko hiyo, kwahiyo ili ijae juu mpaka chini lazima pembeni ipungue, ukipiga hesabu zinaondoka kama pikseli 60 kila upande na namba yako bila shaka ilikuwa imejibanza hukohuko. Angeweza kukuachia ukanda mweupe juu na chini, au angeivuta irefuke na keki zako zingerefuka nazo. Hamna njia ya nne, umbo halilingani basi.

Halafu kuna kukatwa kwenyewe. Flaya haiprintiwi moja moja kwenye A5, zinapangwa kadhaa kwenye karatasi kubwa, zinarundikwa, kisu kinapita mara moja, na rundo huwa linateleza milimita moja au mbili, hata uwe na mashine ya bei mbaya. Ndo maana rangi ya nyuma inatakiwa ipitilize milimita 3 kila upande, hiyo mafundi wanaiita blidi, ili kisu kikiyumba usibaki na mstari mweupe ukingoni. Kwahiyo kwa A5 fungua dizaini mpya ya milimita 154 kwa 216, mwambie mchapaji ikishakatwa ibaki 148 kwa 210, na maandishi yote muhimu yakae angalau milimita 5 ndani ya pale kisu kinapopita. Yaani milimita 8 toka ukingo wa faili lako. Namba ya simu mi ningeipa hata 10.

Rangi sasa, hapa ndo watu wengi wanagombana na wachapaji. Skrini ya simu inatoa mwanga, inachanganya nyekundu, kijani na bluu, wanaita RGB. Karatasi haitoi mwanga wowote, inarudisha tu mwanga unaoipiga, na wino uliopo juu yake unameza sehemu ya huo mwanga. Wino wenyewe ni wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, ndo hiyo CMYK. Kuna rangi skrini inaziweza na wino hauziwezi kabisa, na kijani kile kikali cha kung'aa ndo kinaongoza kwa kufa, kinageuka kijani cha jani la kawaida. Pinki ya umeme nayo inashuka, bluu kali inaweza kuvutwa kuelekea zambarau. Hapo hata ungeenda kwenye press kubwa ya Dar au Nairobi ungepata kitu kilekile, labda ulipie wino maalum wa kung'aa ambao kwa flaya za keki sio lazima. Na ukizingatia simu uliiangalia ikiwa mwanga umejaa, basi tofauti lazima ikushtue.

Dawa ni kuchagua rangi ukijua zinaenda kwenye karatasi. Pinki isogee karibu na majenta, kijani kiwe cha kawaida tu kisicho na umeme ndani yake, halafu utofauti uutafute kwa giza na weupe badala ya kutegemea mng'ao. Canva ya kulipia inakuruhusu kutoa PDF ya kuprinti ikiwa kwenye CMYK, ya bure inatoa PDF ya kuprinti ila rangi zinabaki RGB na mashine au fundi ndo anabadilisha. Sio dhambi, ila unakuwa umemwachia mtu mwingine akuamulie rangi.

Maandishi meupe kuzibika, hapo nitakugawieni lawama nusu kwa nusu. Sehemu nyeusi kubwa ikitokea kwenye RGB mara nyingi inajengwa kwa wino zote nne kwa pamoja, na kila wino unapita kwa zamu yake, zisipopatana sawasawa hata kidogo tu zinaingia kwenye herufi nyembamba na kuziziba. Ukiweka fonti ya mwandiko wa kujikunja, nyembamba, saizi 7, nyeupe juu ya nyeusi, umeshaomba matatizo. Weka herufi nene, zisizo na mikia, saizi 9 au 10 kwenda juu. Na maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe mwambie yawe ya wino mweusi peke yake, yanatoka makali zaidi.

Ukungu wa logo ni pikseli. Kuprinti kitu cha kushikwa mkononi tunataka pikseli 300 kwa kila inchi, kwahiyo A5 ni kama 1748 kwa 2480. Ile posti yako ikitandazwa kwenye A5 inatoa kama 163 tu, yaani nusu na chenji. Na kama logo uliichukua kwa skrinshoti au kwenye picha ya profaili, ilishakuwa mbovu kabla haijafika hata Canva. Muulize aliyekutengenezea logo akupe faili la vekta, SVG au PDF, hilo halina pikseli, limechorwa kwa mistari, unalikuza mpaka ukubwa wa ghorofa na halichakai. Ila kuwa makini, kuna watu wanabandika JPEG, picha ya kawaida ya pikseli, ndani ya PDF halafu wanakwambia hiyo vekta. Ikuze mpaka mwisho, ukiona vimiraba ujue umepigwa.

Kitu kingine, faili usilitume WhatsApp kama picha, inabanwa na ubora unashuka. Litume kama dokumenti.

Kikubwa ninachokushauri, kama kazi itakwenda kote kuwili anza na ya karatasi, ndo utoe ya Instagram humo. Toka kubwa kwenda dogo hakuna hasara, toka dogo kwenda kubwa pikseli utazitoa wapi? Kwenye ya simu punguza maneno na ukuze herufi, kwenye upana wa pikseli 1080 herufi yoyote chini ya pikseli 35 mtu anaipita tu. Hapo kijani chako cha umeme kirudishe, skrini haina shida nacho.

Kabla ya elfu nyingine dai moja ya majaribio, kwenye karatasi ileile na mashine ileile, uione mchana nje, sio chini ya taa ya dukani. Akikataa tafuta mwingine. Hizo zilizoharibika printi stika ndogo za namba ubandike, usizitupe.

Kompyuta hapana, simu inatosha kwa hiki unachofanya. Bango linasomwa kwa mbali kwahiyo pikseli 100 kwa inchi kwa saizi halisi zinatosha, la mita 2 linataka kama 7,900 kwa upana, na kama app itagoma kupokea vipimo vya mita 2 tengeneza kwa robo ya saizi ila kwa 400 kwa inchi, pikseli zinabaki zilezile, umwambie fundi akuze mara nne. Maneno yasizidi saba nane, jina, keki, namba, basi, mtu yupo kwenye bodaboda. Na kabla hujadizaini muulize pete za kufungia kamba anatoboa wapi, mimi huwa naacha sentimita 5 wazi kuzunguka lote.