Printa haina azimio

SWALI: Naandika mwongozo wa kuunganisha printa ya ofisi na kompyuta za Linux. Programu ya tafsiri imenipa: "Weka azimio la kichapishi cha mtandaoni kuwa 600." Bosi kauliza kama printa imekaa kikao. Niandikeje? – Fundi, Dodoma

JIBU: Bosi wako ana haki ya kucheka. Programu imelitafsiri neno la Kiingereza "resolution" kwa maana isiyo yake. Azimio ni uamuzi wa watu: Azimio la Arusha la 1967, maazimio ya mkutano wa kijiji. Hiyo 600 ni hesabu ya nukta ambazo printa hupanga katika urefu wa inchi moja, basi sema hivyo hivyo: nukta 600 kwa inchi.

Wengine husema "ubora". Kwenye mazungumzo sina ugomvi nao, ila kwenye mwongozo wako litakuponza. CUPS, programu inayosimamia uchapaji katika Linux, ina machaguo mawili tofauti: print-quality, yenye 3 kwa rasimu, 4 kwa kawaida na 5 kwa safi kabisa, na printer-resolution, ambayo ndiyo nukta zenyewe. Ukiyaita yote ubora, msomaji hatajua umemwambia aguse lipi.

"Mtandaoni" nalo liondoe. Duka la mtandaoni huliingii bila intaneti. Printa yako iko hapo koridoni, ina anwani yake ya IP na ofisi nzima inaitumia. Hiyo ni printa ya mtandao.

Kichapishi ni Kiswahili sanifu na hakina kosa, lakini karani na fundi wote wanasema printa: printa hii, printa hizi. Andika printa.

Kitenzi kiwe chapa. Mashine huchapa, kampuni ya vitabu huchapisha. Serikali ya Tanzania ina Mpigachapa Mkuu, haina Mchapishaji Mkuu. Ukimwandikia mtu "chapisha waraka huu", usishangae kuukuta kwenye tovuti!

Sentensi yako basi iwe: "Ongeza printa ya mtandao, kisha ipange ichape nukta 600 kwa inchi." Amri hazitafsiriwi, ziandike zilivyo (hapa "ofisi" ni jina ulilolipa printa, na dpi ni nukta kwa inchi):

lpoptions -p ofisi -o printer-resolution=600dpi

Kabla ya hapo msomaji aanze na lpoptions -p ofisi -l, aone printa yake inakubali nini. Chaguo la nukta likitokea kwa jina la Resolution tu, atumie hilo. Kwenye orodha itakayotokea, kinyota (*) kinaonyesha kilichopangwa sasa.