Kusawazisha Active Directory na Entra ID: Mambo ya Kuamua Kabla ya Mzunguko wa Kwanza

Ofisi yenye Active Directory (saraka ya watumiaji na kompyuta) kwenye seva ya ndani na Microsoft 365 kwenye wingu huishia kuwa na orodha mbili za watu walewale. Mfanyakazi akibadilisha nenosiri upande mmoja, upande wa pili halitambuliki. Akiacha kazi, akaunti ya ndani inafungwa siku hiyohiyo na ya barua pepe inabaki wazi miezi mitatu. Microsoft Entra Connect Sync huziunganisha orodha hizo: inasoma Active Directory, inapitisha kila rekodi kwenye kanuni zake, kisha inaipeleka Entra ID, ambayo hadi 2023 iliitwa Azure AD. Kuisakinisha si kazi kubwa. Madhara hutokea pale mtu anapoisakinisha kwanza, akaanza kufikiria baadaye.

Anza na jina la kuingilia, yaani UPN. Kama kikoa chenu cha ndani kinaishia na .local, Entra ID haiwezi kukithibitisha, hivyo kila mtumiaji atapewa jina linaloishia na onmicrosoft.com, na asubuhi yake simu zitaanza kulia. Thibitisha kwanza kikoa chenu halisi cha barua pepe kwa kuweka rekodi ya TXT kwenye DNS. Kisha fungua Active Directory Domains and Trusts, nenda kwenye Properties za tawi la juu kabisa, ongeza kikoa hicho kama kiambishi cha UPN, halafu badilisha UPN za watumiaji OU (folda ya kupangia akaunti ndani ya Active Directory) moja baada ya nyingine. Ifanye UPN ilingane herufi kwa herufi na anwani ya barua pepe. Anayeingia kwenye kompyuta kwa mtindo wa zamani wa KIKOA\jina hataona tofauti, kwa sababu sAMAccountName, yaani jina hilo la zamani, haijaguswa.

Hatua inayofuata ni kusaka majina yaliyojirudia. Kwetu hili lina uzito wake: ofisi ya watu 300 haikosi akina Juma Ali wawili au watatu, na si ajabu wawili wakawa wameandikiwa anwani moja kwenye proxyAddresses, sifa inayohifadhi anwani zote za barua pepe za mtumiaji, kwa miaka bila mtu kugundua. Endesha zana ya bure ya Microsoft iitwayo IdFix, uisafishe orodha yote itakayotoa. Usisubiri mfumo ukupigie kelele. Entra ID ikikuta UPN iliyogongana, haikatai rekodi. Inamuumba mtumiaji, inaiweka kando thamani yenye mgongano, kisha inampa jina lenye tarakimu nne za kubahatisha mbele ya onmicrosoft.com. Ukiangalia idadi ya watumiaji utaona imetimia, wakati Juma wa pili hawezi kuingia. Kumbuka pia kwamba kwenye proxyAddresses, SMTP kwa herufi kubwa ndiyo anwani kuu na smtp kwa herufi ndogo ni ya ziada. Kila mtu awe na kuu moja tu.

Sasa kitambulisho cha kudumu, yaani sifa itakayoshikilia uhusiano kati ya rekodi ya ndani na ya wingu. Acha chaguo la kawaida la programu, ms-DS-ConsistencyGuid. Thamani yake ya kwanza hunakiliwa kutoka objectGUID, namba ya kipekee ambayo Active Directory humpa kila mtumiaji, lakini tofauti na objectGUID, unaweza kuihamisha pamoja na mtumiaji siku mtakapohamia msitu (forest) mwingine, yaani mfumo mwingine kamili wa Active Directory. Usishawishike kutumia barua pepe: dada akiolewa na kubadilisha jina la mwisho, barua pepe hubadilika na uhusiano unavunjika. Sifa uliyoichagua hapa kwa kawaida haibadiliki mpaka uiondoe programu na kuisakinisha upya.

Akaunti ya kiunganishi, yaani ile ambayo programu huitumia kusoma Active Directory na jina lake huanza na MSOL_, inahitaji ruhusa ya kuandika kwenye ms-DS-ConsistencyGuid. Ukiona kosa la permission-issue lenye namba 8344 kwa watu wachache tu, angalia kama wamo kwenye Domain Admins au kundi jingine linalolindwa. AdminSDHolder, kinga ya Active Directory kwa akaunti za wasimamizi, hukata urithi wa ruhusa kwenye akaunti hizo, hivyo kiunganishi kinazuiwa. Wengi hukimbilia kuongeza ruhusa. Ushauri wangu ni tofauti: akaunti za usimamizi wa Active Directory zisipelekwe kwenye wingu kabisa. Ziweke kwenye OU yake, uitoe kwenye usawazishaji. Wasimamizi wa Entra ID nao wawe na akaunti zilizozaliwa kwenye wingu.

Kama tayari kuna akaunti kwenye Microsoft 365, programu itajaribu kuzilinganisha na za ndani kwa UPN au anwani kuu ya barua pepe. Zenye wadhifa wa usimamizi hazilinganishwi kwa njia hii. Zikishaungana, Active Directory ndiyo yenye kauli: cheo cha zamani kilichoandikwa ndani kitafuta kile kilichosahihishwa kwenye wingu, na nenosiri la ndani litachukua nafasi ya lile la wingu. Watangazie watu siku mbili kabla, hasa wale wa mikoani ambao hutumia barua pepe tu na hawakumbuki nenosiri la kompyuta.

Kuhusu manenosiri, chagua njia ya kusawazisha heshi (alama iliyokokotolewa kutoka kwenye nenosiri) isipokuwa una sababu nzito ya kufanya vingine. Nenosiri lenyewe halitoki. Heshi ya MD4 iliyomo Active Directory huongezwa chumvi (data ya kubahatisha) ya baiti 10, hupitishwa kwenye kanuni ya ukokotoaji ya PBKDF2 mara 1,000 kwa HMAC-SHA256, na matokeo ndiyo yanayotumwa. Kiunganishi kinahitaji ruhusa mbili kwenye kikoa: Replicate Directory Changes na Replicate Directory Changes All. Mabadiliko ya nenosiri husomwa kila dakika 2, ilhali mabadiliko mengine yote hungoja mzunguko wa dakika 30.

Hapo ndipo lilipo pengo ambalo wakaguzi hulipenda. Tarehe ya mwisho wa akaunti, accountExpires, haisawazishwi. Mfanyakazi wa mkataba uliyemwekea mwisho wa Juni hataweza kufungua kompyuta tarehe moja Julai, lakini barua pepe kwenye simu yake itaendelea. Panga kazi ya kila usiku kwenye seva:

Search-ADAccount -AccountExpired -UsersOnly | Disable-ADAccount

Akaunti iliyozimwa husawazishwa vizuri. Pale mtu anapoondolewa kazini ghafla usingoje nusu saa: izime akaunti, endesha Start-ADSyncSyncCycle -PolicyType Delta, kisha ubatilishe vipindi vyake vilivyo wazi ndani ya Entra ID.

Kufutwa kwa akaunti kunastahili hofu kuliko yote. Kwa programu hii, mtu aliyetoka kwenye eneo linalosawazishwa ni sawa na mtu aliyefutwa. Ukiondoa tiki kwenye OU, au msaidizi akiwahamisha watu kwenda OU mpya ambayo haikuchaguliwa, mzunguko unaofuata unawafuta kwenye wingu pamoja na njia yao ya kufikia barua pepe. Wanakaa siku 30 kwenye orodha ya waliofutwa kabla ya kupotea moja kwa moja. Kinga ipo na imewashwa tangu mwanzo, lakini kiwango chake ni 500, maana yake ofisi ya watu 200 inaweza kufutika yote bila kinga kushtuka. Ipunguze:

Enable-ADSyncExportDeletionThreshold -DeletionThreshold 10

Kinga ikishtuka, utaona stopped-deletion-threshold-exceeded. Fungua Synchronization Service Manager, chagua kiunganishi cha Entra ID, tafuta kwenye Connector Space kwa Pending Export ukiweka alama ya Delete peke yake, na usome jina baada ya jina. Usiizime kinga ili kazi ipite kabla hujajua kwa nini kila jina limo. Kuchuja kwa kundi, yaani kusawazisha wanachama wa kundi moja tu, nako ni kwa majaribio tu: programu haiwasomi wanachama wa makundi yaliyomo ndani ya kundi.

Kanuni za kawaida za usawazishaji usizihariri. Tengeneza yako yenye namba ya kipaumbele chini ya 100, kwani namba ndogo ndiyo inayoshinda, na usimamishe ratiba kwanza kwa Set-ADSyncScheduler -SyncCycleEnabled $false.

Seva yenyewe ilindwe kama domain controller (seva inayoendesha Active Directory), maana anayeitawala anaweza kuchota heshi za manenosiri yote. Hifadhidata ya SQL Server LocalDB inayokuja na programu ina kikomo cha GB 10, ambayo hutosha takriban rekodi 100,000. Na seva isizimwe muda mrefu: mzunguko wa mabadiliko lazima ukamilike angalau mara moja kila siku 7, la sivyo itabidi usawazishaji kamili. Mkifunga ofisi wiki mbili za Desemba na kuzima umeme wa chumba cha seva, panga hilo mapema.

Mara ya kwanza, sakinisha katika hali ya staging, ambamo programu inasoma na kukokotoa bila kutuma kitu. Kisha, kwenye folda ya Bin ya Microsoft Azure AD Sync, endesha:

csexport "jina la kiunganishi" %temp%\export.xml /f:x
CSExportAnalyzer %temp%\export.xml > %temp%\export.csv

Fungua faili hiyo ya CSV kwenye Excel ukae nayo. Akaunti uliyotarajia ilingane na ya wingu lakini imeandikwa add (itaumbwa upya) ina UPN au anwani isiyofanana. Rudi Active Directory uirekebishe. Delete ya aina yoyote itafutiwe maelezo. Faili likisomeka bila mstari usioujua, ondoa hali ya staging asubuhi ya siku ya kazi, mkiwa wote mpo, kamwe si Ijumaa jioni.