Udongo wa Juu na Udongo wa Mbugani

SWALI: Ndugu Mhariri, shamba langu liko wilayani Urambo, mkoani Tabora, na linashuka kutoka kwenye mwinuko hadi mbugani. Juu udongo ni mwekundu, katikati ni kichanga cheupe, kisha hufuata ukanda wa moramu ngumu, na chini kabisa ni mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, ambamo nimeokota vijiwe vyeupe kama chokaa. Wazee wetu husema udongo huo mweusi uliletwa na mafuriko kutoka mbali. Je, mwamba mmoja unaweza kuzaa aina zote hizi? (Msomaji, Urambo)

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza, na mkoa wako ni miongoni mwa mahali ambapo jambo hili huonekana waziwazi. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanga, alieleza kwamba udongo wa mteremko mmoja hufuatana kwa mpangilio unaojirudia kutoka kilima hadi kilima, akauita mpangilio huo katena.

Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya matale, mwamba wenye madini ya felspa, mika na kwazi. Mvua huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili, na maji yake, yenye asidi kidogo, huozesha felspa na mika polepole. Juu ya mwinuko maji hupita upesi na kuondoka na kalisi, magnesi, potasi na sehemu ya silika (kemikali inayojenga kwazi na madini mengi ya mwamba), hivyo kinachobaki ni mfinyanzi wa kaolini, ambao hushika virutubisho vichache, pamoja na chuma ambacho, kwa kuwa hewa inaingia vizuri, hugeuka kutu na kuupa udongo wekundu. Kwazi haiozi kwa urahisi, nayo ndiyo hubaki kuwa mchanga.

Katikati ya mteremko maji hutembea chini kwa chini kuelekea bondeni, yakichukua chembe laini na kuacha mchanga. Pale yanapotuama kwa muda, hewa hupungua, chuma huyeyuka na rangi hufifia. Chuma hicho hakiendi mbali: kikifika mahali ambapo hewa huingia tena maji yanaposhuka, huganda, na kwa miaka mingi sana hujenga moramu uliyoiona.

Mbugani ndiko hesabu inakofungwa, kwa maana yaliyopotea juu hupokelewa huko. Maji yaliyobeba silika, kalisi na magnesi hutuama masika yote bila pa kutokea, na katika hali hiyo huundwa mfinyanzi wa aina nyingine, smektaiti, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Hiyo ndiyo asili ya nyufa zako. Kiangazi maji hupaa, kalisi hubaki na kuungana na hewa ya ukaa, na vijiwe vyeupe hutokea hapo hapo. Weusi wake, kinyume cha wanavyodhani wengi, si dalili ya wingi wa mboji.

Kwa hiyo wazee hawakukosea kabisa, maana maji yamehusika kweli, ila mengi ya yaliyoletwa yametoka kwenye mteremko wenu wenyewe, tena yakiwa yameyeyuka.

Wasomaji wa Kigoma wasilichukue jibu hili kama lilivyo. Milne mwenyewe alitenga miteremko ambayo mwamba hubadilika njiani, na huko kwenu kuna miamba ya mchanga na lava za kale. Rangi ya udongo inaweza kuwa imerithiwa kutoka kwenye mwamba wenyewe.

Kwako wa Urambo, linalofuata ni la vitendo. Ukichukua sampuli za kupima, usichanganye udongo wa juu na wa mbugani katika mfuko mmoja, kwa sababu wastani utakaopata hautakuwa wa sehemu yoyote ya shamba. Mbolea ya salfeti ya amonia, ikitumika mwaka hadi mwaka, huongeza asidi haraka zaidi katika kichanga, ambacho huenda kikahitaji chokaa, ilhali mfinyanzi wenye vijiwe vyeupe tayari una chokaa yake. Mpunga uache kwenye majaruba ya chini, na tumbaku ibaki kwenye kichanga, pale pasipotuama maji.