DNA ya fangasi wa migomba inaanzia kwenye kuotesha

Juzi kanitumia meseji dada mmoja anasoma masters, kila akifanya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane) ya fangasi wake wa migomba haitoki kitu, na mashine inamwonyesha DNA ipo tele. Mdogo wangu, hilo nalijua mno. Kuna bosi wa maabara moja niliyopita aliniambia mbele za watu kwamba mikono yangu haifai kwa kazi za DNA, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, ila wiki iliyopita sampuli zangu za Fusarium oxysporum, yule wa mnyauko wa migomba, zimesomwa sikwensi zote safi, na nimetumia CTAB ileile, njia ya kutoa DNA kwa sabuni, wanayoiita ya kizamani.

Tatizo la fangasi ni ukuta wake wa kaitini, mgumu kweli, halafu ana polisakaraidi nyingi (sukari ndefu zinazonata) zinazoshuka pamoja na DNA ukishamwaga isopropanoli. Ukikuta chini ya tyubu kuna kitu kinavutika kama mlenda, usishangilie eti umepata DNA nyingi, hiyo ndo inayoua PCR. Kwenye mashine ya kupima DNA kwa mwanga, 260/280 (inayoonyesha uchafu wa protini) itasoma 1.8 vizuri tu, we angalia 260/230 (inayoonyesha uchafu kama sukari na chumvi), inatakiwa ikaribie 2, na lazima ukimbize DNA kwa umeme kwenye jeli uone bendi moja juu iliyokaza, sio mchirizi.

Kwa hiyo vuna fangasi mapema jamani! Otesha kwenye maji ya viazi na dekstrosi, siku 3 mpaka 5 inatosha, usingoje aanze kutoa rangi ya zambarau. Kamua maji yote, saga na nitrojeni ya maji hadi iwe unga mkavu, na unga usiyeyuke kabla haujaingia kwenye bafa (maji yenye CTAB) ya nyuzi 65. Klorofomu rudia mpaka ule utando mweupe wa katikati uishe, na maji ya juu yachukue kwa ubahili, pipeti ikikaribia utando acha, bora upate kidogo kisafi. Vijana tunapenda haraka, tunataka kiasi kikubwa cha kumwonyesha msimamizi, na hapo ndo tunapoharibu, tuwe na subira, tuheshimu kazi.

Dada, hizo DNA usitupe. Changanya 1 kwa 9 na maji safi, rudia PCR na praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) za ITS1 na ITS4, mara nyingi uchafu ukipungua bendi inatoka. Ikitoka, kwa Fusarium ongeza na jeni ya TEF1, maana eneo la ITS peke yake spishi nyingi haizitenganishi.