Anko Fundi Anajibu: i7 ya Mwaka Gani?

*Shikamoo Anko. Mimi ni kijana wa Tanga, nimedunduliza milioni mbili ili niunde kompyuta ya gemu nyumbani: mpira, GTA V, na Valorant na wenzangu. Skrini ninayo tayari, ya inchi 24, 1080p. Duka moja Kariakoo limenipigia hesabu hii: prosesa Core i7-4770, RAM ya GB 16 kijiti kimoja, kadi ya GTX 1650, diski ngumu ya TB 1, pawa saplai ya wati 600, na kasha la vioo lenye feni sita za taa. Hela inaisha yote. Kaka yangu ananicheka, anasema ninunue Dell OptiPlex ya mtumba nichomeke kadi tu. Nimsikilize nani?* – H., Tanga

Marahaba mwanangu. Usimsikilize yeyote kati yao, ingawa kaka yako kakaribia kidogo.

Tuanze na hiyo i7. Ilitoka mwaka 2013. Neno i7 ni cheo tu ndani ya kizazi chake. Umri unausoma kwenye tarakimu zinazofuata. 4770 ni kizazi cha nne, kori (vichwa vya kazi) nne, na inatumia RAM ya DDR3, aina ya zamani, ambayo siku ukibadili mazabodi, ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, haitahama na wewe. Core i3-12100F ya mwaka 2022, nayo ya kori nne, inaiacha mbali sana kwenye gemu, lakini muuzaji anajua kijana akisikia "i3" ananuna na akisikia "i7" anatoa pochi. Kuna na la Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hiyo haimo kwenye orodha ya Windows 11. Ukilazimisha Windows 11, Valorant itakudai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu viwili vya usalama ndani ya mashine, ikivikosa haifunguki. Gemu uliyoitaja mwenyewe!

Kaka yako naye. OptiPlex za ofisi ni mashine imara, nimezifungua nyingi na sina ugomvi nazo. Tatizo ni zile nyembamba zinazojaa madukani: pawa saplai yake ni ya umbo la Dell peke yake, huwezi kuibadili na ya kawaida, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi inabaki kula kupitia tundu lake kwenye mazabodi, na tundu hilo kwa kanuni halitoi zaidi ya wati 75. Kwa hiyo utaishia GTX 1650 fupi, toleo la kasha jembamba, na hapo ndio mwisho wa safari. Kwa mtu wa laki sita au saba ningesema sawa. Wewe una milioni mbili.

Mimi ningekupangia hivi. Kwanza kadi, kwa sababu ndiyo inayochora gemu. Itengee laki saba hadi nane kabla hujagusa kitu kingine. Kwa skrini ya 1080p tafuta RX 6600 yenye GB 8. Hata ikiwa ya mtumba, sawa, mradi uione ikifanya kazi. Kisha prosesa Ryzen 5 5600: kori sita, na ikiwa ya boksi inakuja na feni yake, usishawishiwe kununua nyingine. Mazabodi ya B550. Ukipewa B450, muulize muuzaji kama BIOS, programu ya mazabodi inayoamsha mashine, imesasishwa kupokea Ryzen za 5000, na akuwashie mbele yako. Mazabodi hizo zilitoka 2018, kabla ya prosesa yako, na bila kusasishwa utakaa unatazama skrini nyeusi. Diski ngumu mwachie. Chukua SSD ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, ikiwezekana TB 1, maana gemu moja kubwa la siku hizi linakaribia GB 100.

RAM ndiyo itakayokuuma. Mwishoni mwa 2025 bei zilipaa dunia nzima, viwanda vilipogeukia kutengeneza kumbukumbu za vituo vya data vya akili mnemba, na hata DDR4 haikusalimika. Hapa mtumba hauna aibu: RAM ikipita jaribio haina mengi ya kuchakaa. Ila iwe vijiti viwili vya GB 8, sio kimoja cha 16. Viwili vinafanya kazi sambamba na prosesa inapata data kwa njia mbili. Mazabodi ikiwa na nafasi nne, vichomeke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Fedha ikibana, punguza kwenye SSD, ushuke GB 500, uongeze baadaye.

Sasa pawa saplai, na hapa naomba unisome taratibu. Hiyo "wati 600" inayokuja ya bure ndani ya kasha, igeuze ubavu usome jedwali la kibandiko. Tafuta safu iliyoandikwa +12V, na chini yake amperi. Prosesa na kadi vinakula kwenye safu hiyo, nyingine ni vichele. Zidisha: volti 12 mara amperi. Kuna moja nimeletewa mezani juzi, mbele imeandikwa 600W kwa herufi nyekundu, safu ya +12V inasema 20A. Hesabu yake ni wati 240. Niliipima mkononi ikawa nyepesi, nikachungulia kwenye matundu, koili ndogo, kipoza joto cha bati jembamba. RX 6600 inakula wati 132, Ryzen 5 5600 imeandikwa 65 ila ikibanwa hugusa 76, jumla 208. Ongeza mazabodi, feni na SSD, umeshagonga dari, na dari lenyewe ni la maandishi. Umeme wa mtaani ukipanda na kushuka jioni, kitu cha namna hii hakifi peke yake, kinaondoka na jirani zake.

Nunua ya wati 550 halisi, ya kampuni inayotambulika, yenye alama ya 80 Plus Bronze (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), ambayo +12V yake inakaribia wati zote zilizoandikwa mbele. Mpya, si mtumba. Ni kifaa pekee kwenye orodha yako ambacho sikuruhusu kukitafutia cha bei nafuu.

Kasha: Tanga kuna joto na unyevu, wewe unataka kioo mbele? Chukua la wavu usoni, feni mbili zikivuta hewa ndani na moja nyuma ikitoa. Taa utaongeza ukipata kazi.

Ukienda kuchukua kadi ya mtumba, usilipe kabla haijachezeshwa gemu zito robo saa. Nyingi zilizoko sokoni zilichimba Ethereum, sarafu ya mtandaoni, hadi Septemba 2022, mtandao huo ulipoacha uchimbaji wa kadi. Kuchimba hakuui kadi lazima, lakini feni zake hulegea: zungusha kwa kidole, zikipepesuka au kukwaruza, omba punguzo. Fungua programu ya GPU-Z usome jina. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu zijiite GTX 1050 Ti. GPU-Z huziumbua nyingi, na dalili nyingine ni tundu la buluu la VGA, kwa kuwa chipu halisi za kizazi hicho hazitoi tena picha ya analogi.

*Assalaam alaykum. Niko Maskati, mpwa wangu Unguja anataka kompyuta ya gemu na ananiomba nimpelekee vifaa nikija likizo. Nibebe nini, nini aachiwe anunue mwenyewe? Na umeme wa huku na wa kwao ni sawa?* – Bi. Z., Maskati

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeme usikutie shaka: Oman na kwetu zote zinatumia volti zilezile za 230 hadi 240, na plagi ileile ya meno matatu bapa. Beba vidogo vyenye thamani: prosesa, RAM, SSD, na kadi ikiwa ndani ya boksi lake na mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Viweke kwenye mkoba wa mkononi, wala usivitupe kwenye sanduku la mizigo. Kasha mwache alinunue Darajani au avushiwe kutoka Dar, kwa uzito ule utalipia ndege zaidi ya kasha lenyewe. Risiti zishike mkononi, forodhani watakuuliza.

La waranti mweleze mapema. Kadi ikifa baada ya miezi mitatu, ni wewe utakayeirudisha duka la Maskati, si yeye. Kwa sababu hiyo pawa saplai ningependa aitafute hukohuko, pamoja na UPS, betri ya kushika umeme ukikatika. UPS ndogo za 650VA kwa kawaida hazifiki wati 400, zinatosha kompyuta ya kadiri na skrini yake kwa dakika za kuhifadhi gemu na kuzima. Asichomeke spika kubwa humo.

*Anko, nimeunda mwenyewe: Ryzen 5 5600G, RX 6600, skrini ya 144Hz. Gemu zinakatakata kama simu ya elfu themanini. Nimeibiwa kadi?* – Mdau, Mbeya

Hapana. Nenda nyuma ya kasha uangalie waya wa skrini umechomeka wapi. Nina uhakika uko juu, kwenye mazabodi, karibu na matundu ya USB. 5600G ina grafiki zake ndogo ndani, ndiyo maana picha inatoka na hukushtuka. Kadi yako imekaa hapo chini inakula umeme bila kazi. Zima, hamishia waya kwenye tundu la kadi yenyewe, washa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, bila hivyo RAM ya 3200 hutembea 2133 au 2400. Mwisho, kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, badili 60Hz iwe 144Hz. Windows haikufanyii hilo kila mara.