Gari la haibridi kwa safari za Nungwi na Mjini

Assalaam aleikum, ndugu yangu. Umeuliza kama inafaa uuze Noah yako ununue Aqua ya haibridi, yaani inayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme yenye betri yake kubwa, nawe husafiri kila siku baina ya Nungwi na Mjini.

Safari yako ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 120. Tuseme Noah inakwenda kilomita 10 kwa lita na Aqua kilomita 20. Utaokoa lita 6 kwa siku, yaani lita 150 kwa siku 25 za kazi. Zizidishe kwa bei ya petroli inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta Zanzibar. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, kwa mfano, hizo ni 450,000 kwa mwezi, kwa hiyo ukiongeza milioni 9 kuipata Aqua, zitarudi baada ya miezi 20.

Lakini hesabu hiyo haina betri ndani yake, na hapo ndipo ninapokuhofia. Betri ya Aqua imo chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Nilipokitoa kichujio cha hewa hiyo katika Aqua ya mdogo wangu, nilikikuta kimezibwa na mchanga mweupe na nyuzi za zulia, na betri ilikuwa imeshaanza kudhoofika. Mpe fundi aipime kabla hujalipa, na uweke kando fungu la akiba yako ya kila mwezi kwa ajili ya betri hiyo.

Kama unabeba familia nzima au mizigo ya duka, bakia na Noah.