Ukienda makumbusho ya reli Nairobi, anza na Garratt

Nikiwaambia watu waende makumbusho ya reli hapa tao wananiuliza "kwani kuna nini pale, si ni mavyuma tu ya zamani", na ukweli ni kwamba ukiingia bila mpango ndio hayo tu utaona, vyuma, nyasi, na vijana wamening'inia kwa mlango wa behewa wakipigwa picha. Sina shida na picha, mimi pia ninazo. Lakini nimepeleka watu wengi pale, wapwa, wageni wa kutoka ushago, jirani, na vile nimeona ni hivi: chagua mtu mmoja na wazo lake moja, mfuate huyo kwanza, hayo mengine yatajipanga yenyewe. Mtu wangu mimi ni Herbert William Garratt.

Pengine hujawahi sikia hilo jina. Makumbusho yenyewe si yake, ni ya reli, ilifunguliwa 1971 wakati East African Railways ilikuwa bado ni moja Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini wazo lake liko hapo nje kwa uwanja, ni injini ya treni ya mvuke, lina uzito wa karibu tani 250 na limeandikwa 5918 Mount Gelai. Huwezi kulipita.

Sasa kabla uikaribie hiyo injini, elewa shida ilikuwa wapi. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, ikafika hapa Nairobi 1899 (wakati huo hapa ilikuwa tu kinamasi na mahema), ikafika Kisumu 1901. Upana wake ni mita moja, si kama hii ya SGR ambayo ni milimita 1,435. Alafu inapanda, maze, inapanda kweli. Unatoka baharini, ukifika Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu, unashuka Bonde la Ufa, na ile laini iliyokuja baadaye ya kupitia Eldoret inapanda tena mpaka Timboroa, huko ni zaidi ya mita 2,700. Makona kila mahali. Sasa wewe ni mtu wa reli na unataka kuvuta mzigo mkubwa kwa njia kama hiyo, unafanya aje? Unaweka boila kubwa, lile pipa la kuchemsha maji yawe mvuke. Boila ikiwa kubwa injini inakuwa nzito na ndefu, ikiwa nzito inaumiza reli, ikiwa ndefu na ni kipande kimoja haikati kona. Umekwama.

Garratt alizaliwa London 1864 na alikuwa mtu wa reli wa kuzunguka, alifanya kazi Argentina, Cuba, Peru, ata Lagos, yaani aliona hizi reli nyembamba za milimani na makona yake kwa macho. 1907 akaomba patenti ya jibu lake. Boila usiiweke juu ya magurudumu. Tengeneza injini mbili, moja mbele moja nyuma, kila moja na magurudumu yake na silinda zake, alafu boila uilaze katikati kwa fremu inayoshikwa na hizo mbili kwa pivoti, yaani jointi inayozunguka. Ushawahi ona wasee wawili wakipandisha kitanda kwa ngazi za ploti? Wa mbele ameshaanza kukata kona, wa nyuma bado anakuja moja kwa moja, na kitanda chenyewe hakijakunjika popote. Ndio hiyo.

Na kwa sababu chini ya boila hakuna magurudumu, unaweza kuifanya nene vile unataka na jiko la moto likashuka chini kabisa, hewa inapita vizuri, mvuke unatoka mwingi. Uzito nao unagawanywa kwa ekseli nyingi. Mimi hapa ndio huwa nasimama nashangaa, juu hakuvumbua chuma mpya wala moto mpya, alipanga tu vitu ambavyo kila fundi alikuwa tayari anavijua.

Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ikachukua wazo, na Garratt mbili za kwanza zikaenda Tasmania 1909, reli ya huko ilikuwa nyembamba zaidi, kama sentimita 61 hivi. 1913 Garratt akafa, hata miaka 50 hakuwa amefika. Garratt za kwanza zilifika reli yetu 1926. Hizi kubwa za class 59, ndugu zake Mount Gelai, zilijengwa 1955 na 1956, zilikuwa 34, na ndizo injini za mvuke kubwa na zenye nguvu zaidi zilizowahi kutembea kwa reli ya mita moja popote duniani. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, Gelai uko Tanzania karibu na Ziwa Natron. Kwa hivyo Garratt mwenyewe hakuona hata moja ya hizi za kwetu, na hakuna siku aliwahi jua jina lake litakuwa la kawaida kwa mdomo wa dereva wa Makadara.

Haya, ukifika simama kando, si mbele. Kila mtu anakimbilia mbele juu ndio picha inatoka poa, lakini mbele unaona tangi la maji tu. Kando ndio utaona vipande vitatu vizuri, na ina urefu wa karibu mita 32 kwa hivyo rudi nyuma kidogo. Kama uko na watoto waambie wahesabu magurudumu ya upande mmoja: ni 14, na 8 kati yake ndio makubwa, yale ya kusukuma. Alafu waulize chini ya boila kuna mangapi. Hapo watoto wananyamaza wanainama kuangalia, na wewe hujatoa lecture yoyote. Washa tochi ya simu uangalie zile paipu za kupeleka mvuke kwa silinda, utaona lazima zipite mahali injini inajikunja, sasa fikiria jointi ya kuzuia mvuke moto usivuje wakati kila kitu kinacheza. Hiyo ndio ilikuwa kazi ngumu, kuliko hata wazo lenyewe nadhani.

Usiondoke ukidhani ilikuwa mashine bila kasoro pia. Maji na mafuta (hizi zilichoma mafuta mazito, si makaa) yamebebwa juu ya magurudumu yenyewe ya kusukuma, kwa hivyo vile yanaisha njiani uzito unapungua na magurudumu yanaanza kuteleza kirahisi. Lakini bado class 59 ilikuwa inatoka Mombasa na tani 1,200 nyuma yake inapanda mpaka Nairobi. Nyingi zilikuwa zimestaafu kufikia 1980, dizeli ikachukua kazi.

Ukiona mzee hapo anaonekana aliwahi kufanya kazi ya reli msalimie vizuri kwanza, usimrukie na maswali, alafu mwambie "mzee, hebu tuonyeshe hii ilikuwa inafanya aje". Vibao vya maelezo ni vizuri lakini havielezi joto la kebini wala nani alikuwa anapaka mafuta saa tisa usiku.

Hayo mengine: behewa namba 12 lazima utaonyeshwa, ndilo Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, alikuwa analalia pale stesheni ya Kima Juni 1900 akimvizia simba aliyekuwa anakula watu, akapitiwa na usingizi, simba akaingia akambeba kupitia dirishani. Ni hadithi kali na watoto wataiuliza tena usiku, kwa hivyo amua mwenyewe. Ndani kuna chumba cha vitu vidogo, simu, taa, tiketi, vyombo vya mezani. Mimi naona chumba kiwe cha mwisho, jua likishakuwa kali, juu uwanja wa nje hauna kivuli cha maana na saa sita vyuma vinachoma mkono.

Kufika ni rahisi, shuka Railways, makumbusho iko kando ya stesheni, unaingilia upande wa Haile Selassie. Beba kitambulisho kwa sababu bei ya Mkenya si ya mgeni, beba maji, vaa viatu vya kufunika vidole, na ngazi za kupanda kebini zina grisi kwa hivyo nguo nyeupe wacha nyumbani. Katikati ya wiki asubuhi ndio poa isipokuwa basi za shule zikifika, hapo kaa kando zipite. Na usitoke bila kuangalia Garratt ndogo zilizo pale, ukishaelewa ile kubwa utazitambua bila kusoma kibao.

Na kama uko na kaka ama binamu Uingereza, mwambie ile ya kwanza kabisa ya Tasmania, K1, ilirudishwa huko na ikawahi kuvuta abiria Wales kwa Welsh Highland Railway. Aulize iko wapi siku hizi, akiipata akutumie video, na asiweke muziki juu yake.